Utetezi umefungwa, mashtaka wanaomba shahidi mwingine: wanaruhusiwa lini?

Swali: Namtetea mshtakiwa wa kosa la kuvunja ghala usiku na kuiba. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi wanne ukafunga ushahidi. Mteja wangu alionekana ana kesi ya kujibu, akajitetea kwa kiapo kwamba usiku ule alikuwa amelazwa hospitalini, na muuguzi mmoja akaja kumuunga mkono. Tulipofunga tu, mwendesha mashtaka akasimama akaomba kumleta mtunza kumbukumbu wa hospitali hiyo, aseme kwamba jina la mteja wangu halimo kwenye daftari la waliolazwa. Hakimu ameahirisha ili tujibu ombi hilo. Mimi nilijua ushahidi ukishafungwa umefungwa. Sheria inasemaje, na nisimame na hoja gani?

Jibu: Wakili msomi, ulichokijua ndiyo kanuni yenyewe. Upande wa mashtaka hutoa ushahidi wake wote kwanza, hufunga, ndipo mshtakiwa hujibu akiwa amesikia kila kitu anachotuhumiwa nacho. Lakini kanuni hiyo imeachiwa mlango mdogo, na mwendesha mashtaka wako anaugonga. Mlango huo haufunguliwi kwa sababu ushahidi anaouleta ni mzito. Unafunguliwa au kufungwa kwa kuangalia tarehe: ni siku gani upande wa mashtaka ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba mteja wako angesema alikuwa hospitalini? Mawakili wengi hushindwa ombi la namna hii kwa kubishania umuhimu wa daftari, wakati hakimu anatakiwa kuulizwa juu ya kalenda.

Nitatumia kifungu cha Kenya kama kipimo kwa sababu kimeandikwa kwa ufupi na vipande vyake vinaonekana. Kifungu cha 212 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kinasema kwa maana yake kwamba mshtakiwa akitoa katika utetezi wake ushahidi unaoingiza jambo jipya, ambalo mwendesha mashtaka hangeweza kulitarajia hata kwa kuwa na bidii ya kawaida, mahakama inaweza kumruhusu alete ushahidi wa kujibu ili kulikanusha jambo hilo. Kifungu cha 309 kinasema vivyo hivyo kwa kesi zinazosikilizwa Mahakama Kuu. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zina kanuni ya aina hiyo, ama kwenye sheria iliyoandikwa ama kwenye hukumu za mahakama.

Kikate vipande. Lazima kuwe na jambo jipya. Liwe limeingizwa na utetezi. Liwe halikutarajiwa, na kutotarajiwa huko kusitokane na uzembe. Ushahidi unaoletwa ulenge jambo hilohilo na si jingine. Na vyote vikitimia, bado mahakama "inaweza", hailazimiki. Mwendesha mashtaka anayesimama na kusema "ni haki yetu kujibu" ameanza vibaya, maana hicho anachokiita haki ni ruhusa anayotakiwa kuiomba kwa sababu.

Asili ya kanuni ni ya zamani. Katika kesi ya uhaini ya John Frost, iliyotokana na maasi ya Newport ya Novemba 1839, Jaji Mkuu Tindal alieleza kwamba jambo likizuka ghafla, ambalo akili ya mwanadamu isingeweza kuliona mapema, hakuna sababu ya kuuzuia upande wa serikali usilijibu. Yeye mwenyewe aliliita kwa Kilatini *ex improviso*, yaani bila kutarajiwa, na jina hilo limebaki hadi leo. Kipimo cha Tindal kilikuwa kikali mno, kwa kuwa ukiketi na kuwaza vya kutosha karibu kila kitu chaweza kuonekana mapema. Mahakama za baadaye zikakilegeza hadi kwenye kile ambacho mwendesha mashtaka makini, aliyelisoma faili lake, angekitarajia. "Bidii ya kawaida" katika kifungu cha 212 ni sura hiyo iliyolegezwa.

Jambo jipya ni lipi

Kukanusha si jambo jipya. Shahidi wa mashtaka akisema alimwona mshtakiwa dirishani na mshtakiwa akasema "hakuniona", hapo hapana kipya. Hilo ndilo bishano lililoileta kesi mahakamani, na mashtaka walipaswa kuja nalo kamili. Hali ni hiyo pia mshtakiwa akisema saini si yake. Katika kesi ya R v Day (R ni Taji, yaani serikali, dhidi ya Day), iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1940, mshtakiwa alishtakiwa kwa hundi ya kughushi, na baada ya utetezi kufungwa jaji akaruhusu mtaalamu wa miandiko aletwe. Mahakama ya rufaa iliifuta hatia. Kwenye kesi ya kughushi, mwandiko ndio kesi yenyewe, na haja ya mtaalamu ilionekana tangu hati ya mashtaka inaandikwa.

Jambo jipya ni lile linaloongeza ukweli mwingine juu ya meza: nilikuwa mahali pengine, mali hii nilipewa na fulani kwa mkataba huu hapa, nilikuwa nimeleweshwa na mtu bila kujua, askari aliyenikamata alikuwa na deni kwangu. Yote haya yanaweza kuwa mapya, ila hakuna hata moja lililo jipya kwa asili yake. Upya wake unategemea faili.

Shahidi wa mashtaka kupatikana kwa kuchelewa nako hakulifanyi jambo kuwa jipya. Alikuwa safarini, alikuwa anaogopa, mpelelezi alipoteza namba yake: haya ni matatizo ya upelelezi, na dawa yake ilikuwa kuomba ahirisho kabla ya kufunga ushahidi. Wala haitoshi kwamba utetezi ulikuwa na nguvu kuliko walivyodhani. Katika maombi mengi, ukiyachambua, sababu halisi ndiyo hiyo. Imevishwa tu joho la "jambo jipya".

Kutotarajia kunapimwa kwenye faili

Hapa ndipo pingamizi lako litashinda au litashindwa, kwa hiyo tusipite haraka. Kutarajia hakupimwi kwa kumwangalia mwendesha mashtaka alivyoshangaa. Kunapimwa kwa nyaraka zilizokuwa mikononi mwa upande wake wote, pamoja na polisi. Mwendesha mashtaka hawezi kusema "mimi sikulijua" ikiwa mpelelezi alilijua. Pitia moja baada ya nyingine.

Anza na maelezo ya onyo ya mteja wako, yaani yale aliyoyaandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, na maneno yoyote aliyoyasema wakati wa kukamatwa. Kama ameandikwa akisema "siku hiyo nilikuwa naumwa, nilikuwa hospitali", basi tarehe ya kujulikana ni siku ya maelezo hayo, na upelelezi ulikuwa na muda wote wa kwenda hospitalini kufungua daftari. Australia kesi ya Killick ya mwaka 1981 ilihusu jambo la namna hiyo: utetezi wa kuwa mahali pengine ulikuwa umeshajulikana kabla ya kesi kuu, mashtaka hawakutoa ushahidi wa kuupinga walipokuwa zamu yao, wakauleta mwishoni. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema hilo halikupaswa kuruhusiwa.

Kisha angalia kitabu cha matukio cha kituoni, hoja zilizotolewa wakati wa kuomba dhamana (mara nyingi wakili husema pale kwamba mteja ana historia ya ugonjwa, akasahau kwamba ameshatoa taarifa), barua mlizowaandikia mashtaka, na mwenendo wa usikilizwaji wa awali kama ulikuwepo.

Halafu fungua mwenendo wa kesi mahali ulipowauliza mashahidi wa mashtaka maswali ya dodoso, yaani ya kuwahoji baada ya upande wao kumaliza nao. Je, ulimwuliza shahidi wa pili, "Nikikwambia mshtakiwa usiku huo alikuwa kitandani hospitalini, utabisha?" Kama uliuliza, mashtaka walisikia wakiwa bado hawajafunga. Walikuwa na nafasi ya kuomba siku mbili, wakamlete mtunza kumbukumbu, ndipo wafunge. Hawakufanya hivyo. Hilo ni jibu zito kwa ombi lao.

Kama hukuuliza, umewapa hoja. Kanuni iliyotolewa katika Browne v Dunn, kesi ya madai iliyoamuliwa na Baraza la Malordi mwaka 1893, inataka wakili anayekusudia kuleta habari inayompinga shahidi amwekee shahidi huyo habari hiyo mbele yake ili aijibu. Wakili anayeificha kadi hadi mwisho ili aiangushe kwa kishindo anapata kishindo, lakini anawapa mashtaka haki ya kusema "ndiyo kwanza tunasikia". Ninaona mbinu hiyo ya kuficha ikisifiwa kuliko inavyostahili. Mara nyingi inanunua mshangao wa asubuhi moja kwa bei ya shahidi wa ziada.

Na ukimya? Mteja wako ana haki ya kukaa kimya anapokamatwa na anapohojiwa, na ukimya huo hauwezi kugeuzwa kuwa ushahidi wa hatia. Lakini swali la kifungu cha 212 ni kama mashtaka wangeweza kutarajia, na mtu aliyekaa kimya tangu mwanzo ni vigumu kumtarajia. Mambo haya mawili yasichanganywe mbele ya hakimu. Mwendesha mashtaka akisema "alinyamaza kwa sababu anadanganya", pinga. Akisema "alinyamaza, kwa hiyo hatukuwa na dokezo", hiyo ni hoja halali na inahitaji jibu la nyaraka.

Utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio

Utetezi huu una historia yake katika Afrika Mashariki. Mwaka 1939, katika Sukha Singh, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mtu mwenye utetezi wa kutokuwepo anapaswa kuutaja mapema, ili uweze kuchunguzwa kabla hajapata nafasi ya kuubuni. Ssentale v Uganda ya 1968 na Kiarie v Republic ya 1984 zikasisitiza upande wa pili wa sarafu: anayetaja utetezi huo habebi mzigo wa kuuthibitisha. Katikati ya hizo mbili, Karanja v Republic ya 1983 iliruhusu mahakama, katika kesi inayofaa, kuzingatia kwamba utetezi haukutajwa mapema pale inapoupima na ushahidi mwingine.

Tanzania imeweka jambo hili kwenye sheria. Kifungu cha 194 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa namba za toleo la 2019, kinamtaka mshtakiwa atoe taarifa kabla ya kesi kuanza kusikilizwa. Asipofanya hivyo, atoe maelezo ya utetezi huo kabla ya mashtaka kufunga ushahidi wao. Na akiruka vyote, mahakama inaweza kuunyima uzito. Uingereza, katika kesi za Mahakama ya Taji, mshtakiwa hutakiwa kutaja mahali alipokuwa na mashahidi wake kwenye hati ya utetezi chini ya sheria ya mwaka 1996. Marekani, Mahakama ya Juu ilikubali kanuni za taarifa katika Williams v. Florida ya 1970, lakini miaka mitatu baadaye, katika Wardius v. Oregon, ikasema taarifa haiwezi kuwa ya upande mmoja: ukimlazimisha mshtakiwa ataje mashahidi wake wa kutokuwepo, naye aambiwe ni nani watakaoletwa kumpinga.

Mantiki inayopita humo ni rahisi. Taarifa ikitolewa kwa wakati, mashtaka wanalazimika kuuvunja utetezi huo wakiwa zamu yao, na mlango wa ushahidi wa kujibu unabanwa. Taarifa isipotolewa, mlango unalegea.

Pale ambapo ushahidi wa kujibu huja kwa kawaida

Kuna utetezi ambao mashtaka hawatakiwi kuutangulia. Kila mtu huchukuliwa kuwa na akili timamu hadi ionyeshwe vinginevyo, kwa hiyo hakuna anayetegemea mashtaka walete daktari wa akili kabla mshtakiwa hajalitaja suala hilo. Mshtakiwa akileta daktari wake, mashtaka nao wataleta wao, na ni nadra hakimu kukataa. Marekani hata uchunguzi wa akili ulioamriwa na mahakama unaweza kutumika hapo, kama ilivyoamuliwa katika Kansas v. Cheever ya 2013, kwa kuwa mshtakiwa mwenyewe ndiye aliyeifungua hoja ya hali ya akili yake kupitia mtaalamu.

Tabia njema nayo ni hivyo. Mashtaka hawaruhusiwi kuanza kesi kwa kusimulia kwamba mshtakiwa ni mtu mbaya. Mshtakiwa akisimama na kusema hajawahi kugusa mali ya mtu maisha yake yote, ameufungua mlango mwenyewe, na kinachokuja nyuma ya mlango huo ni pamoja na hukumu zake za zamani. Mwonye mteja kabla hajapanda kizimbani. Sentensi moja ya kujisifu imeshaharibu utetezi uliokuwa umekaa vizuri.

Kuhusu ushahidi uliokwisha kukataliwa kwa sababu ulipatikana isivyo halali, nchi hazifanani. Marekani, Walder v. United States ya 1954 na Harris v. New York ya 1971 ziliruhusu ushahidi wa aina hiyo utumike kumwumbua mshtakiwa aliyetoa ushahidi unaopingana nao, James v. Illinois ya 1990 ikakataa usitumike dhidi ya mashahidi wengine wa utetezi. Usizibebe hukumu hizo kwenda nchi nyingine bila kuangalia katiba na sheria ya ushahidi ya hapo. Kenya, kwa mfano, Ibara ya 50(4) ya Katiba ya 2010 inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe pale kuupokea kutakapoifanya kesi isiwe ya haki.

Mambo mawili yanayokataliwa hata kama ni mapya

La kwanza ni jambo la pembeni. Shahidi wa utetezi akiulizwa kwenye dodoso kama aliwahi kufukuzwa kazi, akasema hapana, mashtaka kwa kawaida wamefungwa na jibu hilo. Hawawezi kumleta mwajiri wake wa zamani ili tu kuonyesha kwamba ni mwongo, maana kesi moja ingegeuka kesi kumi. Zipo nafasi chache, kama hukumu ya zamani ya jinai au upendeleo wa shahidi, lakini ni chache. Daftari la hospitali katika kesi yako si la pembeni. Linagusa swali la alikuwa wapi, ambalo ndilo kiini. Usipoteze muda wa hakimu kwa hoja hiyo.

La pili ni jambo lililoibuliwa na mashtaka wenyewe. Kifungu kinataka liwe limeingizwa na mshtakiwa. Mwendesha mashtaka akimwuliza mshtakiwa maswali hamsini ya dodoso, la hamsini likazaa habari ambayo mshtakiwa hakuitaja katika ushahidi wake mkuu, hawezi kusema ameletewa jambo jipya. Mahakama ya Juu ya Kanada ililishughulikia jambo la namna hii katika R v Krause ya 1986, na maneno yake juu ya mashtaka kutoigawa kesi yao mara mbili, nusu mwanzoni na nusu mwishoni, bado yananukuliwa sana. Sababu aliyoitoa Jaji McIntyre ni ya utendaji: mshtakiwa anapoamua kujitetea au kunyamaza, lazima awe ameiona kesi nzima.

Usichanganye na milango mingine

Mwendesha mashtaka mwerevu akikosa hapa atajaribu pengine, kwa hiyo zitambue njia hizo.

Moja ni kuomba kuifungua upya kesi ya mashtaka ili kusahihisha kasoro ndogo. Katika R v Francis ya 1990, shahidi alisema katika zoezi la utambuzi la polisi amemtambua mtu aliyesimama namba 20, lakini hakuna shahidi wa mashtaka aliyeeleza nani alikuwa amesimama hapo, walidhani halibishaniwi. Baada ya mashtaka kufunga, jaji aliruhusu ofisa arudishwe aseme ni nani, na mahakama ya rufaa ikaafiki, huku ikionya kwamba mamlaka hayo yatumike kwa nadra sana. Angalia wakati: utetezi ulikuwa haujaanza. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika R v P. (M.B.) ya 1994, iligawa hatua hizi tatu vizuri. Kabla mashtaka hawajafunga, jaji ana uhuru mpana. Wakishafunga lakini utetezi haujaanza kujibu, uhuru unapungua. Utetezi ukishaanza kujibu, unabaki mwembamba kabisa, kwa sababu hapo mshtakiwa ameshaonyesha mkono wake na mashtaka wanaweza kuziba kila tundu alilolionyesha.

Nyingine ni mamlaka ya mahakama yenyewe. Kifungu cha 150 cha sheria ya Kenya kinairuhusu mahakama, katika hatua yoyote, kumwita au kumrudisha shahidi, na kinailazimisha kufanya hivyo ushahidi wake ukionekana ni wa lazima kwa uamuzi wa haki. Hapa hakuna sharti la jambo jipya. Ndiyo maana utasikia, ombi la 212 likianza kuyumba: "Kwa namna mbadala, tunaiomba mahakama itumie kifungu cha 150." Jibu lake ni kwamba mamlaka hayo yapo kwa ajili ya mahakama kupata ukweli, si kwa ajili ya kuwaokoa mashtaka walioacha pengo. Kifungu hichohicho kinawapa pande zote haki ya kumhoji shahidi huyo, na kesi iahirishwe ikiwa upande mmoja utaumia kwa kukosa muda wa kujiandaa. Idai haki hiyo kwa maneno, iandikwe.

Mipaka ya wakati ipo upande wa mwisho pia. Kwenye kesi za juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, jaji akishamaliza kulielekeza juri, ushahidi mpya haupokelewi. R v Owen ya 1952 ni mfano wa daktari aliyerudishwa baada ya juri kwenda kujadiliana, na hatia ikafutwa. Na Marekani, elewa kwamba ushahidi wa mashtaka wa kujibu ni hatua ya kawaida ya kesi, inayosimamiwa kwa busara ya jaji. Ukisoma hukumu za huko utaona mlango mpana kuliko huu tunaouzungumzia.

Ombi lenyewe, na wewe usimame vipi

Ombi huletwa utetezi ukishafunga na kabla ya hoja za mwisho. Likiwa limefanywa ipasavyo, mwendesha mashtaka atataja maneno yaleyale ya mshtakiwa yaliyoingiza jambo jipya, tarehe na ukurasa wa mwenendo. Ataeleza kwa nini halikutarajiwa. Atampa hakimu na wewe maelezo yaliyoandikwa ya shahidi anayetaka kumleta pamoja na nakala ya kielelezo. Na atasema ushahidi huo utachukua muda gani. Ombi la mdomo lisilo na maelezo ya shahidi lipingwe hapo hapo. Kenya una Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba, inayompa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi ambao mashtaka wanautegemea, na 50(2)(c) juu ya muda na nyenzo za kujiandaa. Haki hizo hazimaliziki mashtaka wanapofunga ushahidi wao.

Kwa kesi yako, hivi ndivyo ningeipanga. Ukikuta neno "hospitali" au "kuumwa" kwenye maelezo ya onyo, au kwenye dodoso lako, hoja yako ni moja na iwe fupi: "Mheshimiwa, jambo hili mashtaka walilijua tarehe fulani, ukurasa fulani. Walifunga ushahidi wao tarehe fulani. Kati ya tarehe hizo mbili hawakwenda hospitalini." Kisha kaa. Ukiongeza hoja tano dhaifu, utamsaidia hakimu kuisahau ile yenye nguvu.

Kama neno hilo halipo popote hadi siku ya utetezi, tarajia ombi kukubaliwa, na pigania masharti. Shahidi abaki kwenye jambo moja, yaani kama mteja wako alilazwa usiku ule. Asiulizwe juu ya ghala, wala juu ya tabia ya muuguzi wako. Alete daftari lenyewe, si barua ya uongozi inayosema "tumeangalia, hayumo". Ushahidi kwamba jina halipo una thamani tu ikiwa inaonyeshwa kwamba kila aliyelazwa huandikwa, kwa hiyo dodoso lako lianzie hapo: kuna madaftari mangapi, la mapokezi, la dharura, la wodi? Nani huandika saa nane usiku? Mgonjwa aliyeingizwa kupitia dharura huhamishiwa lini kwenye daftari la wodi? Kurasa zina namba, na zote zipo? Jina la mteja limeandikwa kwa tahajia gani, na shahidi alitafuta kwa jina la kwanza au la ukoo? Yeye mwenyewe alikuwa zamu, au anasoma mwandiko wa mwingine?

Shahidi akishamaliza, omba ruhusa ya kujibu jibu hilo. Kadi ya kuruhusiwa kutoka, karatasi ya dawa, au muuguzi wako kurudi kueleza daftari gani lilitumika usiku huo, vyote vinaweza kuombwa kwa misingi ileile: mashtaka wameleta jambo jipya ambalo hukupewa nafasi ya kulijibu. Hakimu aliyewafungulia wao mlango atapata shida kukufungia wewe.

Na mteja akitoa maelezo bila kiapo badala ya ushahidi wa kiapo, kumbuka kifungu cha 212 kinazungumzia mshtakiwa "anayetoa ushahidi". Hoja hiyo haipo mikononi mwako, kwa kuwa mteja wako aliapa na ulileta shahidi.

La mwisho ni la kumbukumbu, na mawakili wengi hulisahau kwa hasira ya uamuzi mdogo. Hakimu akiruhusu, hakikisha pingamizi lako na sababu zake vimeandikwa kwenye mwenendo, na uombe uamuzi wenye sababu juu ya "upya" na juu ya "bidii". Kifungu cha 382 cha sheria ya Kenya hakiruhusu hukumu kutenguliwa kwa kasoro ya mwenendo isipokuwa haki imepotea, na kinaitaka mahakama ya rufaa iangalie kama pingamizi lilipaswa kutolewa mapema. Ukifika rufaa bila pingamizi, utaulizwa hilo kabla ya kingine chochote. Mashtaka wakiomba kesi isikilizwe upya baada ya hatia kufutwa, uwe na Fatehali Manji v Republic ya 1966 mkononi: kesi hairudishwi mwanzo ili mashtaka wazibe mapengo ya ushahidi wao wa kwanza.